Sifuri Nayo Iandike, Mwanangu

Mwanangu, nimesikia chuo kimekupangia mafunzo kwa vitendo huku kwetu, Karagwe na Kyerwa, na kwamba umechagua kusoma wadudu. Nimefurahi sana. Wenzako wengi huomba ofisi za mjini. Wewe umekubali kuinama chini ya migomba. Basi kaa, mimina chai, nikuambie neno moja kabla hujaanza kazi.

Neno lenyewe ni fupi. Ulichokiona, kiandike. Ulipotazama usione kitu, andika sifuri. Ambapo hukufika, andika kwamba hukufika. Ni hayo tu. Najua yanaonekana madogo. Mimi yalinichukua ujana wangu kuyaelewa.

Nianze na majira, kwa sababu ndiyo yatakayokujaribu kwanza. Likizo yenu ndefu huangukia Julai, Agosti na Septemba. Huku kwetu mvua za masika huishia Mei. Juni mpaka Agosti ni kiangazi. Nyasi za rweya, zile mbuga zisizolimwa, zimekauka, majani ya migomba yananyong'onyea mchana, vumbi jekundu linatua juu ya kahawa iliyoanikwa uani. Wadudu wengi uliowasoma darasani wanangoja mvua, na mvua itakolea wewe ukiwa umekwisha kurudi chuoni. Hata senene, ambao mkoa wetu wa Kagera unajulikana kwa ajili yao nchi nzima, huja kwa wingi Novemba na Desemba. Hutawakuta.

Kwa hiyo utakuja na hamu, na wadudu watakuwa wamejificha. Utatega mitego, utaifunua, utaikuta mitupu. Mara ya kwanza utasema ni bahati mbaya. Ikijirudia utaanza kuona aibu. Utafikiria ripoti. Utafikiria alama. Utamfikiria mwenzako aliyepangiwa mkoa mwingine, anayetuma picha za wadudu wa ajabu kwenye kundi lenu la WhatsApp. Hapo ndipo moyo huanza kutafuta njia ya mkato. Siku hiyo ikifika, nakuomba unikumbuke.

Tumchukue fukusi wa mgomba, maana nadhani ndiye utakayeshinda naye. Ni mdudu mweusi, mgumu, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Urefu wake ni sentimita moja na kidogo. Mchana hujificha ndani ya maganda ya shina na chini ya takataka zenye unyevu. Usiku hutoka, akitembea kwa miguu. Kuruka huruka kwa nadra sana. Jike hutoboa kitundu karibu na kitako cha mgomba, hutaga yai moja, kisha huenda zake. Hatagi mengi, machache tu kwa juma. Lakini huishi muda mrefu, hata miaka miwili. Funza wake huchimba njia ndani ya tunguu, gizani, huku mgomba kwa nje ukionekana mzima. Mwenye shamba hugundua siku upepo unapouangusha ukiwa na mkungu wake.

Mtego wake hauhitaji fedha. Unakata kipande cha mgomba uliokwisha kuvunwa, kiasi cha sentimita 30. Unakipasua katikati kwa urefu. Unalaza upande uliopasuliwa juu ya udongo, karibu na kitako cha mgomba. Harufu inawavuta. Baada ya siku mbili tatu unafunua na kuhesabu.

Sasa sikiliza vizuri. Kipande kikikauka, harufu hupungua. Udongo ukikauka, fukusi hutulia. Na hata hali ikiwa nzuri, ni sehemu tu ya fukusi wa shamba zima wanaokuja mtegoni. Kwa hiyo sifuri yako haisemi kwamba shamba ni safi. Inasema: nilifunua mtego huu, tarehe hii, udongo ukiwa mkavu, sikukuta fukusi. Hiyo ni taarifa iliyokamilika. Msimamizi wako akiisoma pamoja na hali ya udongo, atajua la kufanya. Akitaka uhakika zaidi atakuelekeza ukate matunguu ya migomba iliyovunwa, uhesabu njia za funza. Matunguu huonyesha madhara hata wakati mitego imenyamaza. Lakini hatafikiria kukuelekeza hivyo kama daftari lako limejaa namba ulizozipamba.

Ukiona una muda, muombe pia akufundishe kutia alama. Unamkwaruza fukusi kidogo sana mgongoni kwa ncha ya sindano, unamwachia palepale, kisha unatega tena. Unaangalia wangapi wamerudi na alama kati ya wote ulionasa. Kutokana na hapo unakadiria idadi yao shambani. Wakirudi wachache, ni jibu. Asiporudi hata mmoja, nalo ni jambo la kuandika. Ni kazi ya kukaa na kungoja, na kijana mwenye haraka huiacha mapema.

Sasa nikuambie langu, maana huwezi kuamini maneno yangu kama sijakuonyesha yalikotoka.

Nilipokuwa na umri kama wako nilitumwa kuhesabu mitego katika vibanja vilivyotawanyika vilimani. Kimoja kilikuwa ng'ambo ya bonde, na mlima wake ulikuwa mkali kwa baiskeli. Siku moja jua lilinishinda. Nikakaa kivulini, nikatazama namba za vibanja jirani. Zilikuwa ndogo ndogo. Nami nikaandika namba ndogo kwa kibanja ambacho sikukanyaga. Nilijiambia kitakuwa kama wenzake. Safari iliyofuata nikafanya vilevile, kwa sababu ya kwanza haikugunduliwa.

Mwenye kibanja kile alikuwa mzee mkarimu. Kwa mujibu wa daftari langu, shamba lake lilikuwa salama. Mvua zilipoanza, majirani wakaenda kuchukua machipukizi kwake. Na fukusi, mwanangu, husafiri zaidi kwa mikono ya watu. Chipukizi lenye mayai na funza ndani humfikisha mbali kuliko miguu yake itakavyomfikisha maisha yake yote. Waliopanda yale machipukizi walikuwa vijana wanaoanza nyumba zao. Migomba mingine ilianguka kabla haijazaa. Mzee akadhani ni udongo wao. Wao wakadhani ni mkono wa mzee. Hakuna aliyelishuku daftari.

Nilikuja kusema ukweli nikiwa nimechelewa, mzee akiwa amekwisha fariki. Walionisamehe ni watoto wake. Tangu hapo sijaandika namba ya kubuni. Lakini hilo halikuwarudishia wale vijana misimu waliyoipoteza. Namba ya uongo shambani humwangukia mtu ambaye hata hakujua kwamba uliiandika.

Nawe utaniuliza, je, pengo katika jedwali halitanifanya nionekane mvivu? Tufanye hesabu kidogo. Tuseme umetega mitego minne. Wa kwanza una fukusi 6. Wa pili una 2. Wa tatu hauna kitu. Wa nne hukuufikia. Ukiandika kweli, una mitego mitatu na fukusi 8, na wastani ni karibu 2.7 kwa mtego. Ukiitupa sifuri kwa kuona kwamba haina maana, wastani unapanda hadi 4. Ukiujazia mtego wa nne sifuri ili safu isibaki na pengo, wastani unashuka hadi 2. Shamba ni moja, siku ni moja, na tayari una majibu matatu. Jibu moja litamfanya mkulima atumie fedha ya ada ya mtoto kununua dawa asiyoihitaji. Jingine litamfanya atulie wakati funza wanachimba. Ni jibu moja tu lililotoka shambani kwake.

Kwa hiyo tofautisha. Sifuri iandikwe kwa aliyefika, akafunua, akatazama. Kistari kiandikwe kwa ambaye hakufika, na pembeni yake sababu. Mvua ilinyesha. Mwenye shamba alikuwa na msiba. Ng'ombe walikanyaga mtego. Niliumwa. Msimamizi anayejua kazi hatakugombeza kwa vistari vyenye sababu. Ataanza kukuamini kwa sababu ya vistari hivyo.

Kama bado unaona sifuri ni kitu cha kuficha, fikiria Unguja. Kwa miaka mingi mbung'o waliwatia ng'ombe wa kisiwani ugonjwa wa nagana. Kuanzia 1994 madume waliofugwa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi, walimwagwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa, mamilioni kwa mamilioni. Jike wa porini aliyepandana na dume tasa hakupata uzao. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa 1996. Lakini kisiwa hakikutangazwa huru siku hiyo. Watu waliendelea kuizungukia mitego, wakiiona mitupu, wakiandika. Ndipo 1997 ikatangazwa kwamba Unguja haina mbung'o tena. Ushahidi wa ushindi ule ulikuwa safu ndefu za sifuri. Kama watu wale wa mitego wangezoea kujaza namba za kubuni, nani angethubutu kutangaza?

Na hapa jirani, wilayani Muleba, katikati ya miaka ya 2010 watafiti walipima vyandarua vyenye kiungo cha ziada kiitwacho PBO, kinachoidhoofisha kinga ya mbu dhidi ya dawa. Mbu wa Muleba walikuwa wamekwisha izoea dawa ya vyandarua vya kawaida. Watoto walipimwa malaria, na mbu walinaswa usiku ndani ya nyumba na kuhesabiwa. Kazi ile ilisaidia Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, kukubali vyandarua hivyo vitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu. Katika kazi ya namna hiyo, nyumba ambayo mtego wake umeamka bila mbu ina uzito sawa na nyumba iliyojaa mbu. Bila hiyo, huwezi kujua chandarua kipi kinafanya kazi. Kwa hiyo usiseme huku ni kijijini, nani atajali daftari langu. Madaftari ya Kagera yamekwisha kufika mbali.

Nije kwenye kahawa, maana Julai utakuta watu wanavuna. Utakutana na ruhuka. Ni mdogo, hafiki hata milimita mbili. Jike huingia kwenye tunda kupitia ncha yake na kuzaa humo ndani, kwenye buni. Dume hana mbawa za kumrusha. Huzaliwa ndani ya tunda na hufia humo. Ukipewa kazi ya kupima madhara ya ruhuka, mkono wako utakimbilia matunda yenye tundu. Ndivyo jicho lilivyo, linapenda kilichoharibika. Zuia mkono huo. Chukua matawi ya pande zote za mti, ya juu na ya chini. Chuma bila kuchagua. Kisha hesabu yote, mazima na yaliyotobolewa. Tunda zima ni sifuri yako hapo. Ukiliacha, utamtangazia mwenye shamba maafa ambayo hayapo.

Uangalie pia matawi yaliyokauka ncha wakati tawi la pembeni ni bichi. Geuza tawi, tazama upande wa chini. Ukiona kitundu kama cha pini, huenda ni yule mdudu mdogo anayetoboa vijiti vya mbuni. Jike wake huingia na ukungu, huupanda ndani ya tawi, na watoto hula ukungu huo. Usikimbilie kumwita jina kwa sababu programu ya simu imekuambia. Pasua tawi. Tazama kwa lenzi. Andika umekuta nini ndani, na matawi mangapi umeyapasua usikute kitu.

Kazi nyingine itakayokufunza kukaa ni ua dume la mgomba. Ugonjwa wa mnyauko bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, na baada ya miaka michache ukavuka kuingia Kagera. Uliwafilisi watu. Visu na mapanga yasiyosafishwa huueneza, na wadudu pia. Nyuki, nzi na wengine hufuata utomvu kwenye ua dume, na hapo huhamisha vimelea kutoka mgomba hadi mgomba. Ndiyo maana utawaona wakulima wakilivunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara baada ya chane ya mwisho kutokea. Hawatumii kisu, ili kisu kisibebe ugonjwa. Ukipata mgomba ambao ua lake bado lipo, na mwenye shamba akakuruhusu, kaa chini yake. Andika kila mgeni anayekuja na saa aliyokuja. Kuna robo saa hatakuja yeyote. Iandike hiyo robo saa. Ukikaa asubuhi, mchana na jioni, utaanza kuona wadudu wana saa zao, na hilo halijulikani kwa mtu aliyepita akipiga picha mbili na kuondoka.

Mwanangu, waheshimu wenye vibanja. Jifunze salamu za Kinyambo kabla hujajifunza majina ya Kilatini ya wadudu wao. Usiingie shambani bila hodi, hata kama afisa ugani amekuahidi kwamba kila kitu kimepangwa. Ukiambiwa ukae kwanza ule ndizi na maharage, kaa ule. Katika mazungumzo hayo utasikia mambo ambayo mtego hauwezi kukuambia. Mama atakuambia fukusi walizidi upande wa bondeni mwaka ule wa mvua nyingi. Babu atakuambia aina fulani ya mgomba haianguki ovyo. Andika yote, lakini yaweke mahali pake: hili alisema mwenye shamba, hili nililiona mwenyewe. Usiyachanganye. Ukiyachanganya unamwonea yeye na unajionea mwenyewe, kwa kuwa baadaye hutajua ni lipi uliloshuhudia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yako huku ni unachokiona. Tumia penseli, wino huyeyuka mvua ikinyesha, na ndani ya chupa ya spiriti hufutika kabisa. Kikaratasi cha maelezo kiweke ndani ya chupa pamoja na mdudu, maana kilichobandikwa nje hubanduka. Andika tarehe, kijiji, mmea uliomkuta, na jina lako. Mdudu wa jamii ya fukusi ukimtunga kwa pini, mtoboe kwenye ganda la bawa la kulia, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa watakaomchunguza. Andika palepale shambani. Usingoje jioni. Jioni kumbukumbu huwa na njaa na usingizi, na hapo ndipo namba za kubuni hupenya. Na usitege ndani ya hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe bila kibali. Zimekuwa hifadhi za Taifa tangu 2019, na mdudu wa huko naye analindwa na sheria.

Huenda utamaliza wiki zako na matokeo machache. Utaona ripoti yako ni nyembamba. Usiipambe. Andika kwamba ulitafuta kwa njia hii, mahali hapa, wakati wa kiangazi, ukapata hiki kidogo. Mwalimu mwenye haraka atauliza kwa nini hukupata zaidi. Mwalimu mwenye busara ataona kwamba amepata mtu wa kumwamini na kazi kubwa zaidi. Huwezi kujua utakutana na yupi. Wewe andika kwa ajili ya yule wa pili.

Kabla hujaondoka, waombe wenyeviti wa vitongoji wawakusanye wale waliokufungulia mashamba yao. Usiwasomee takwimu kwa lugha ya chuo. Waambie: kwako, mama, nilikuta wengi, usigawe machipukizi bila kuyamenya tunguu mpaka liwe jeupe, na yenye njia za funza yatupe. Kwako, baba, sikukuta, lakini udongo ulikuwa mkavu, tutazame tena mvua zikija. Kwako wewe sikufika, nisamehe. Watakusikiliza. Watu hawa wamekwisha kuona wageni wengi waliochukua namba wakaondoka nazo.

Kisha acha nakala ya daftari kwa afisa ugani wa kata. Mwaka ujao atakuja kijana mwingine, pengine yeye atakuja wakati wa mvua. Akikuta kistari chako na sababu yake, atajua pa kuanzia. Ataanza na kile kibanja cha ng'ambo ya bonde.